Kikohozi cha Afande wa Kota Namba Tisa

Kikohozi kimoja, kikavu, nyuma ya pazia. Ndivyo Konstebo Odyek alivyobisha hodi nyumbani kwake katika kambi ya polisi, Ntinda, kwa kuwa kota ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa kitambaa, na baba hakupenda kuwakuta wanawe wakimsema. Aliyekijua vizuri zaidi kikohozi hicho ni mwanawe wa tatu, marehemu Ambrose Okwir, aliyezaliwa humo tarehe 14 Machi 1968. Mama yake ni Abalo.

Alisoma shule ya msingi karibu na kambi, kisha sekondari mjini Lira, akamaliza mwaka 1987. Walimu walimchapa kwa kuwaigiza, halafu wakamwita ofisini awaigize wenzao.

Alikuwa mtunza stoo hadi mwaka 2009, alipoandika vichekesho vya televisheni, *Kota Namba Tisa*. Yeye mwenyewe akawa Afande, baba anayekohoa kabla ya kufungua pazia. Kila Jumapili jioni chumba kilikuwa kilekile, kiti kilekile kilichovunjika mguu, na Afande yuleyule anayeapa kukitengeneza kesho. Moreen, kijana aliyeandika naye, aliwahi kuomba kiti kipya. Ambrose akamjibu, "Mwanangu, kiti kikipona watu watahama. Hawafuati mzaha. Wanakuja kuona kama bado tupo." Kweli, pazia lilikuwa halijasogea na watu walikuwa wameshacheka. Wauza samaki wa Ggaba walimsalimia kwa kukohoa.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa ya serikali na Maimunah, binti wa Mzee Sulaimani wa Kawempe. Yeye Mkristo, bibi arusi Mwislamu. Pande zote mbili zilinuna. Siku ya kwanza kwenda ukweni alisimama nje, akakohoa.

"Huyo ni mgonjwa au ni mkwe?" Mzee Sulaimani akauliza.

"Ni mtoto wa kambi, Baba," Maimunah akasema. Mzee akacheka, na ndoa ikapitia hapo.

Januari 2024 kikohozi kilianza kuja bila kuitwa. Studio walicheka. Aciro, kitinda mimba wake, alicheka. Maimunah naye alicheka: "Baba Onen, kamera zimeshazimwa!" Alipokwenda kliniki foleni ilimpigia makofi, na muuguzi akatoa simu. "Afande, lete ingine, mama yangu asikie!" Akaleta. Akarudi nyumbani bila kupimwa, maana hakuwa na moyo wa kuwaharibia furaha.

Mwezi wa Agosti Maimunah alimkuta bafuni, bomba amelifungulia ili asisikike. "Hiki si cha Afande," Ambrose alimwambia. "Hiki ni changu." Alipopimwa, ilikuwa saratani ya mapafu, nayo ilikuwa imeshasambaa. Maimunah alishika mikono ya watu sokoni, kanisani, msikitini, akisema anaumwa kweli, mwombeeni. Na watu wakabaki wanamtazama mdomoni, wakingoja afike panapochekesha. Moreen aliposoma tangazo la ugonjwa kwenye televisheni huku analia, jumbe zilimiminika zikimsifu kwa kuigiza vizuri.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025. Ameacha mama yake, Abalo; mjane, Maimunah; watoto Onen, Alanyo na Aciro; kaka yake, Odur; wajukuu wawili; na kiti ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Mungu amlaze kwa amani mahali pasipobishwa hodi.

Mchana ule wa mwisho wodi ilijaa, na kila mtu alijua ni nani aliyelala nyuma ya pazia la kitanda cha pembeni. Akakohoa. Wodi nzima ikanyamaza, wagonjwa na waliokuja kuwaona. Hatimaye walikuwa wameamini. Maimunah alikuwa ameuomba ukimya huo kwa miezi, na sasa alitamani hata mtu mmoja aupasue. Ambrose akasikiliza, macho kwenye pazia. Akamshika mkewe kidole.

"Mama Onen," alisema, kwa sauti ambayo ilibidi Maimunah ainame ndipo aisikie, "mbona hawacheki?"