Mama Sindano, Aliyetembea Nyuma ya Wote

Wasikilizaji wapendwa, mliokaa simameni, na mliolala angalau kaeni. Muuguzi wa zahanati ya shule yetu, Mama Sindano, alifariki Jumapili akiwa na miaka sitini na moja. Mama Sindano hayupo tena.

Mnamjua. Nusu yenu mna alama yake mahali ambapo hapatajwi redioni. Hata mtangazaji wenu aliwahi kuchovya kipimajoto kwenye chai asubuhi ya mtihani wa hesabu. Mama alikisoma, akavua miwani. "Mwanangu, kwa joto hili wewe ni marehemu. Kafanye mtihani, jioni tutakuzika."

Lakini leo tunakumbuka siku yake moja tu.

Kila mwaka wakati wa likizo Mama alikwenda hija na waumini wa parokia yake. Kwa miguu, kilomita ishirini na mbili, kandokando ya bahari, hadi kikanisa kilichojengwa juu ya mwamba. Yeye alitembea wa mwisho. Narudia: wa mwisho, na mkoba wa bandeji begani. Hakuna aliyeruhusiwa kubaki nyuma yake. Ndiyo maana katekista, kiongozi wa msafara, hakuwahi kuhesabu watu. Alimsubiri Mama tu. Mama akifika, wote wamefika. Kwa miaka tisa hesabu hiyo haikumwangusha.

Mwaka wa kumi alikuja kaka yake, fundi bomba mwenye goti bovu. Mkewe alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Akiwa kitandani alimwapisha: sala yangu ifikishe kwenye kikanisa kile, kwa miguu. Si kwa gari.

"Wifi alikujua," Mama alimtania njiani. "Bila kiapo ungeomba lifti pale pale getini."

Saa sita kasoro walifika mahali mto unapoingia baharini. Maji yakipwa, unakunja suruali na kuvuka. Yakijaa, unasubiri. Mara mwanamke mmoja akalia kutoka mbele: malengelenge yamepasuka, hawezi hatua. Mama akamketisha kaka yake kwenye gogo.

"Usiondoke hapa. Narudi sasa hivi."

Akakimbia, akavuka, akapiga magoti ng'ambo ya pili na kuanza kufunga nyayo za watu. Katekista akageuka. Akamwona Mama. Basi, wote wamevuka! Akapuliza filimbi, msafara ukaondoka ukiimba.

Mama alipoinua kichwa, maji yalikuwa yamepanda, na kaka yake amekaa kule kule kwenye gogo kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Katekista alirudi mbio. "Mama, usivuke! Gari la mizigo litazunguka kwa barabara, limchukue."

"Likimchukua, kiapo chake kimevunjika."

"Lakini maji haya..."

"Nayaona. Kosa ni langu, niliacha nafasi yangu. Nyinyi nendeni."

Akaweka mkoba kichwani, akaingia majini.

Kaka yake ndiye aliyetusimulia yaliyofuata. "Alitoka ameloa hadi kwapani. Nikamwambia, dada, muuguzi gani wewe, unaoga kazini? Akasema, sogea huko, gogo si lako peke yako. Jua likatuchoma. Saa tisa goti lilikuwa limevimba kama papai. Nikasema misa imeshaisha, tunaenda kufanya nini? Akalifunga goti taratibu. Akaniambia, 'Kaka, ukitaka gari nitaliita, wala sitakucheka. Ila useme mwenyewe.' Nikainama, nikakunja suruali."

Saa kumi na nusu maji yalipungua. Zilibaki kilomita tatu. Walizitembea kwa saa moja na nusu, yeye mbele, Mama nyuma.

Kikanisani misa ilikuwa imekwisha na mabasi yameondoka. Mlinzi alikuwa na ufunguo mkononi, lakini hakuweza kufunga. Katekista alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha.

"Mwalimu, unamsubiri nani tena?" mlinzi akamwuliza.

"Wa mwisho hajafika."

Kaka yake anaendelea: "Mlangoni nilimpisha dada, maana alichoka kuliko mimi. Akanisukuma mgongoni. 'Pita huko, usiniharibie kazi.' Nikaingia. Nikasema sala ya mke wangu yote, sikusahau hata neno."

Kwa kaka huyo, na kwa watoto wawili wa Mama, poleni sana. Shule nzima inalia nanyi, wagonjwa wa kweli na wa kujifanya.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujitafakari. Katekista anatafuta mtu wa kutembea wa mwisho mwaka huu. Mpaka jana walikuwa wamejiandikisha kumi na wawili. Wote wameomba kubeba bendera mbele.

Tunyamaze dakika moja. Na wewe unayecheka bwenini, nawe pia.