Matone na Mkono wa Chuma

Kitendawili hiki Matone hajakitegua mpaka leo: mtu mzima, mwenye wajukuu, anawezaje kuionea wivu mashine? Miaka kumi na tisa alichota majimaji ya damu za wagonjwa kwa kibomba, tone kwa tone, ili maabara ipime dawa iliyomo mwilini. Ndiyo asili ya jina lake. Sasa kazi hiyo hufanywa na mkono wa chuma, na anayeuamrisha ni binti ambaye Matone mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Jioni moja alifika kijiweni, kwenye benchi la mbele ya kinyozi, uso umemchangamka kama wa mwenye harusi.

— Leo imeumbuka! Mirija mitatu, dawa inasoma kama haimo.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, — Kinyozi akadakia, wembe mkononi. — Hiyo mashine ina mama?

— Haina.

— Basi!

— Inakunywa hiyo, — akasema Fundi Viatu, akipuliza kahawa yake. — Inakunywa dawa za wagonjwa. Ndiyo maana haichoki.

— Mwakani itaomba likizo ya uzazi!

Wakacheka. Mama Kahawa akamimina duru nyingine.

— Kilichoikwaza nini hasa, Matone?

— Nyuzi. Yale majimaji yakitoka kwenye barafu huwa na nyuzinyuzi. Mie huizungusha mirija kwanza, zitulie chini. Binti kaiweka hivyo hivyo, ncha ikaziba, ikachota nusu.

— Ukamwambia?

— Kwani mimi mkuu wake? Mchuma janga hula na wa kwao.

— Umenena, mzee!

Mteja aliyekuwa kitini, povu nusu ya uso, mgeni kwao wote, akageuka.

— Samahani wazee wangu. Hiyo mirija ni ya kina nani?

Kinyozi akamtazama Fundi Viatu. Fundi Viatu akamtazama Matone.

— Ina namba tu, — Matone akasema.

Kisha ikambidi awaeleze yaliyobaki. Daktari akiona dawa haimo ataongeza dozi, kwa mtu ambaye tayari inamtosha. Na majibu yangetoka asubuhi.

— Mpigie simu binti, — Mama Kahawa akasema taratibu.

Kijiwe kikakata shauri: majibu yazuiwe, mirija izungushwe upya, binti aelezwe. Simu Matone akaikataa. Alirudi maabara kwa miguu yake, wivu ukimchoma njia nzima, akamweleza binti, akaizungusha mirija yote mitatu. Kisha akasogea pembeni, binti abonyeze kitufe cha mkono wa chuma.