Mama Wote Wamo na Basi la Jumamosi

Leo ni Jumamosi, na saa moja na robo asubuhi basi la magofu na pwani halikuondoka. Kwa zaidi ya miaka arobaini limekosa safari mara chache tu, na mara zote hizo injini ndiyo iliyogoma. Leo injini ni nzima. Tunamzika mwanamke aliyekuwa akipita katikati ya viti, akigusa kila kiti kwa ncha za vidole, kabla dereva hajaruhusiwa kutia gia.

Mwanamke huyo alikuwa dada yetu mkubwa. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Wote Wamo, nasi nyumbani tuliishia kumwita hivyo hivyo.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa kifungua mimba wa wazazi wetu. Baba alikuwa mwashi. Dada alipofika miaka sita alianza kumpelekea baba chakula cha mchana kazini, na akichelewa kurudi mama alijua sababu. Baba alikuwa amemkalisha mbele ya ukuta na kumuuliza, “Huu umejengwa na watu wangapi?” Dada alitazama mahali mawe yalipobana na mahali yalipoachana, kisha akajibu. Siku moja alisema, “Wawili, na mmoja alikuwa na haraka.” Baba alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mwenye haraka alikuwa yeye.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari hadi kidato cha nne, mwaka 1974. Katika historia alikuwa wa kwanza shuleni kwao. Mwaka huo huo baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akavunjika nyonga, na habari ya kuendelea na masomo ikaishia hapo. Dada hakulalamika, au kama alilalamika, sisi wadogo hatukusikia. Lakini kila Januari, kwa miaka mingi, alikivalisha kitabu chake cha historia jalada jipya la gazeti, kama mtu ambaye muhula wake unafunguliwa kesho.

Alifanya vibarua vya kupiga chapa hadi mwaka 1978, alipoajiriwa na kampuni ya mabasi kukata tiketi. Dirisha lake lilikuwa dogo kiasi kwamba abiria walimfahamu kwa mikono. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 24 Oktoba 1981, mwongoza watalii wa basi la magofu aliamka na homa, na abiria walikwisha kaa. Meneja alipita ofisi hadi ofisi akiuliza nani amewahi kufika kule. Dada alikuwa hajafika. Alifunga dirisha lake, akapanda basi, akashika kipaza sauti na kusema, “Mimi ni mtoto wa mwashi. Tutakachokiona leo ni kuta. Nitawafundisha kuzisoma.” Hakurudi dirishani tena.

Safari ilikuwa ya siku moja: magofu ya mji wa kale asubuhi, bahari mchana, nyumbani kabla ya magharibi. Abiria wengi walikata tiketi kwa ajili ya bahari, na magofu waliyavumilia kama mtu anavyovumilia hotuba kabla ya chakula. Dada aliwageuza. Aliwaonyesha alama za vidole vya mtu kwenye chokaa ya dirisha, na tundu ukutani palipokaa taa, juu yake jiwe likiwa bado na weusi wa moshi. Aliwashusha ngazi za kisima, huku akisema kila mara, “Ni kumi na tisa, na ya tisa imelika katikati kwa sababu hapo ndipo waliposimama kupumua.” Watu waliokuja na taulo mabegani walisahau taulo.

Alikosea mara moja kosa kubwa, na alitaka lisimuliwe siku kama ya leo. Tarehe 15 Februari 1986 alihesabu vichwa arobaini na kimoja wakati wa kwenda na arobaini na kimoja wakati wa kutoka magofuni. Walipofika baharini, bwana mmoja aliyevaa suti aliamka katika kiti cha nyuma na kuuliza, “Jamani, bibi harusi yuko wapi?” Alikuwa wa basi jingine, lililopumzika pale pale magofuni likielekea harusini. Basi likarudi dakika arobaini nzima, na lilimkuta fundi cherehani mmoja mstaafu ameketi kwenye ukingo wa kisima, ametulia kama mwenye nyumba.

“Nisamehe, baba. Nilikusahau,” dada akasema.

“Hukunisahau, mwanangu,” mzee akamjibu. “Umenibadilisha na mwingine. Tena ana suti.”

Tangu siku hiyo dada aliacha kuhesabu vichwa. Asubuhi alimuuliza kila abiria anataka kuona nini, na jibu hilo ndilo lililokuwa jina lake mpaka jioni. Wakati wa kuondoka alipita kiti kwa kiti: “Wa kisima yumo. Wa kukanyaga maji yumo. Wa kumkimbia mkwewe yumo.” Akifika mwisho alisema, “Wote wamo. Twende.” Hakuacha mtu tena.

Habari ya ndoa yake haiwezi kutengwa na basi hilo. Dereva alikuwa kijana mpole aliyeitwa Taratibu; hata trekta zilimpita. Kampuni ilikuwa na amri moja kali, kwamba dereva haachi basi, kwa hiyo kila Jumamosi yeye alibaki langoni, nje ya magofu, akifuta vioo. Jumamosi ya tarehe 19 Februari 1983, njiani kuelekea baharini, alimwambia dada bila kugeuza shingo, “Hizo ngazi kumi na tisa unazisema kila wiki. Mimi nitaziona lini?”

“Si uingie uzione.”

“Na basi nimwachie nani? Lakini nimewaza. Kama siwezi kuingia huko unakoingia, basi nirudi huko unakorudi. Nyumbani.”

Dada aliuliza, “Unasemaje?” Alikuwa amesikia vizuri sana. Tatizo ni kwamba basi zima lilikuwa limesikia, maana kipaza sauti kilikuwa wazi mkononi mwake. Mama mmoja kutoka viti vya kati akasema, “Dada, mjibu mwenzio, sisi tunataka kufika baharini.” Alimjibu. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983, nayo pia ilikuwa Jumamosi, na meneja aliwanunia wiki nzima. Mungu aliwajalia watoto wawili: binti, mwaka 1985, na mwana, mwaka 1988.

Taratibu alistaafu mwaka 2016 baada ya kukaa langoni mwa magofu miaka thelathini na mitano bila kuvuka kizingiti. Usukani aliupokea binti yao, anayekwenda kasi kidogo kuliko babaye, jambo ambalo kila mtu anaweza kulifanya.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 sauti ya dada ilianza kukwaruza. Alilaumu vumbi, akalaumu kipaza sauti, akanywa maji ya moto. Mwezi Septemba madaktari waliona uvimbe kooni, na tarehe 9 Novemba walimfanyia upasuaji. Uvimbe ulitoka, na sauti ikatoka nao. Alipozinduka alipewa daftari na kalamu, na neno la kwanza aliloandika lilikuwa: “Jumamosi?”

Kampuni ilijaza pengo kwa sauti iliyorekodiwa. Abiria walilala. Mwezi Februari meneja mpya alikuja nyumbani na matunda, akakaa ukingoni mwa kochi, akasema kwa adabu kwamba ikiwa hadi mwisho wa Machi hapatakuwa na mtu wa kuongoza, basi halitasimama tena magofuni. Litakwenda baharini moja kwa moja. Dada alimsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi alilifunga daftari lake kwa siku mbili. Kwetu sisi ilikuwa kama kumwona akizikwa mara ya kwanza.

Siku ya tatu alimsogezea mumewe daftari: “Wewe unayajua yote.”

“Nayajua kwa masikio tu,” Taratibu akasema. “Njia nzima ulikuwa unayasema mgongoni kwangu. Sijaona hata jiwe.”

Akaandika: “Wewe sema. Mimi nitaonyesha.”

Tarehe 12 Machi 2022 Taratibu alipanda basi kama abiria kwa mara ya kwanza, mikono ikitafuta usukani. Binti yao alibaki kulinda basi. Meneja alikuwa kiti cha nyuma kabisa. Dada alitangulia langoni, akamshika mumewe mkono, akamvusha. Kila alipoelekeza kidole, mumewe alisema neno lile lile ambalo dada angelisema, akitua pale pale ambapo dada angevuta pumzi. Kisha mwenyewe alitazama kitu hicho kwa mshangao mkubwa kuliko abiria wote. Walipofika kisimani alisahau kipaza sauti, akaanza kushuka huku akihesabu kwa sauti. Kwenye ngazi ya tisa alisimama, akainama, akapapasa pale katikati palipolika. Akaendelea mpaka chini.

“Kumi na tisa,” alisema kutoka kule chini. “Mke wangu hakunidanganya.”

Watu walicheka, wengine huku wakifuta macho. Dada aliketi kwenye ukingo wa kisima, pale alipoketi fundi cherehani, na kucheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika. Baharini meneja alikunja suruali, akakanyaga maji, akawafuata akiwa na viatu mkononi. “Mzee,” alimwambia Taratibu, “Jumamosi ijayo uje na kofia. Jua la pale kisimani ni kali.” Magofu yakabaki katika safari.

Kwa miaka miwili na ushei walikwenda pamoja. Dada aligusa viti, akainua kidole gumba, na Taratibu akasema, “Wote wamo. Twende.” Mwezi Aprili mwaka huu ugonjwa ulirudi, na safari hii haukusikia dawa. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la sebuleni, na kila Jumamosi jioni mumewe alimletea habari za abiria na kumrudia maelezo aliyoyatoa magofuni. Jumapili iliyopita aliandika sentensi yake ya mwisho daftarini, kwa ajili ya mtu ambaye trekta zilimpita: “Pale langoni unakwenda mbio.” Aliaga dunia Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mumewe.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, mkwe mmoja wa kike, wajukuu wanne na sisi wadogo zake watatu. Ameacha pia abiria waliomaliza safari wakiwa na majina kama Wa Kisima na Wa Kukanyaga Maji. Kumi na wanne kati ya waliokata tiketi ya leo wameomba wazike pamoja nasi, na wamo humu. Basi litaondoka Jumamosi ijayo, tarehe 15 Juni, saa moja na robo, na Taratibu amesema langoni atakwenda polepole.

Mwenyezi Mungu ampe dada yetu pumziko la mtu aliyewafikisha wote.

Kaburi lake ni la nne kutoka kwenye lango la makaburi, upande wa barabara ambayo basi hupita.