Miwani, Spana na Isale

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa jumuiya, nimesimama mbele yenu na furaha ambayo si ya kanisani sana, mnivumilie.

Mnajua mimi ni fundi wa ndege za jeshi. Msimamizi wangu, naye mtu wa huku huku mlimani, alisahau spana yake ndani ya injini. Ilipoonekana, akasema mbele ya mafundi wote kwamba ni yangu. Nikaondolewa kwenye ndege, nikapelekwa stoo kupangusa makopo ya grisi. Ndugu zangu, nawaambia, nilimchukia mtu yule mpaka chakula kikawa hakipiti. Nilikuja likizo hapa Machame, mama akanipikia kiburu cha ndizi na maharage, nikakiangalia tu.

Kisha ikaletwa miwani ya kufundishia. Ukiivaa unaiona ndege yenyewe, na juu yake picha na mishale inakuelekeza fungua hapa, kaza pale. Wakongwe waliicheka, wakasema ni michezo ya watoto. Mwalimu aliyekuja nayo alipokosa wa kumfundisha, akaniita mimi wa stoo. Nikajifunza kwa hasira. Nilipoiva nikafanywa mkufunzi, na msimamizi wangu akaamriwa aje darasani kwangu.

Sitawadanganya, nilimrudisha mwanzo kila alipokosea, hata kidogo. Siku moja akafunika injini, miwani ikawaka nyekundu: spana moja haijarudi kwenye sanduku, imebaki ndani. Darasa zima likamgeukia. Alijua ninachofikiria.

Jumapili, nikiwa nimekuja nyumbani, msimamizi akaja kwa mama na kitawi cha isale mkononi. Mnajua sisi, ukiombwa msamaha kwa isale huna pa kukimbilia, unasamehe. Mama akanikazia macho. Nikakipokea.

Nikamwambia, "Nimekusamehe. Lakini hukunisingizia hapa jikoni kwa mama, ulinisingizia mbele ya mafundi. Ukaseme kulekule."

Akaenda akasema. "Ile spana ilikuwa yangu." Sauti ilimtetemeka, nami nimesimama mbele yake nikimsikiliza mpaka mwisho.

Namshukuru mama, namshukuru yule mwalimu, na ninyi mlioniombea nikiwa stoo. Vijana, mkisukumwa pembeni, jifunzeni kile wanachokicheka.

Kile kitawi nimekipanda mlangoni kwa mama, kimeshika. Nikikipita nakumbuka kwamba nimesamehe. Halafu naikumbuka ile sauti ikitetemeka, na Mungu ananiona, nafurahi upya.