Bi Nieleze Amekubali Kuagwa

Amekubali! Binti yangu, huyo mnayemwita Bi Nieleze, amekubali kuagwa. Hamjambo nyote. Mimi ni mama yake mzazi. Mhariri wa jarida hili kaniomba niandike mimi, kwa sababu ninyi wenzake mlimbembeleza mkashindwa.

Anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne hapa hospitalini: kwanza muuguzi wodini, kisha mwalimu wa wauguzi, mwisho ofisa ustawi wa jamii. Kazi zote tatu kazifanya mtu mmoja, na katoka tumbo hili.

Alisomea falsafa ya ufasiri. Mimi niliishia darasa la saba, lakini alinieleza jikoni tukimenya vitunguu, nikaelewa. Kumwelewa mtu ni kama kusikiliza hadithi uliyoingia katikati. Lazima uombe mwanzo wake, na ukishaupata, hata kile kipande ulichodhani umekielewa kinageuka.

Mnamkumbuka fundi seremala aliyekataa magongo? Mguu umeunga, ruhusa ya kwenda nyumbani ipo, mzee hanyanyuki. Wanafunzi wakasema mkaidi, daktari akasema mwoga. Binti yangu akavuta kiti, akamwuliza habari za karakana yake. Mzee akafunguka: "Mwanangu, mimi siegemei mbao ambayo sijaipiga randa mwenyewe." Randa ikaletwa. Varanda ikajaa maranda, mfagizi akanuna, na fundi akatembea hadi getini kwa magongo yanayong'aa kuliko viatu vya daktari.

Basi yeye mwenyewe aliposema hataki sherehe, mkasema ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani? Nimemlea mimi, namjua. Nami nilishashona gauni! Nikavuta kiti kama anavyofundisha, nikamwambia, "Hebu nieleze, mama." Kumbe kusifiwa anapenda sana. Alichokataa ni ule ukumbi wa mjini, ambako wagonjwa wake wasingefika.

Kwa hiyo tutamuaga palepale varandani, na vitanda vya magurudumu vitasogezwa. Fundi ataleta kiti cha mstaafu, amekipiga randa mwenyewe.

Asanteni kwa kunitunzia mwanangu. Nawe mwanangu, upumzike kwa afya na vicheko, ila kuuliza usiache. Wengine msiniletee udhuru. Nawasubiri nyote mchana, Jumamosi, tarehe thelathini.