Kwa Nini Sidi Haachi Kumwandika Pangaboi

Pale Mishomoroni, nyuma ya duka la simiti, kuna benchi liitwalo Bunge, na wanaoketi hapo hawajapigiwa kura na mtu. Kaingu humimina kahawa tungu kutoka dele lake la shaba. Yeslam huitwa Wakili kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa mbuzi. Bramwel, kijana wa bara afanyaye kazi bandarini, ndiye Winchi. Kando yao Sidi hukaanga viazi karai, mtoto mgongoni. Mzee Mussab, fundi wa feni waliyemwita Pangaboi, alifariki mwanzo wa mwaka. Lakini kila Ijumaa Sidi huandika hadithi kwenye gurupu la mtaa, na humo Pangaboi yu hai, anabishana. Asubuhi hiyo ilifika habari kwamba mjane wake, Bi Kuluthum, ametoka eda na yuaja kumwona mwandishi. Sidi akalisahau karai, viazi vikaungua.

— Hii ni kesi, alisema Wakili. Kumsemesha maiti bila idhini ya mjane.

— Kwani Sidi huandikia nini? aliuliza Kaingu.

— Si anataka kutokea kwa TV, Winchi alisema. Wasee wa TV wanapenda stori.

— TV gani, wewe, Wakili alidakia. Huyu atukusanyia ushahidi. Juzi kaandika kuwa wakoroma ukiwa umeketi. Siku moja yatasomwa mbele ya hakimu. Mwenda pole hajikwai.

— Mimi sikoromi.

— Nyote hamjui, Kaingu alisema, akishusha sauti. Marehemu mwenyewe ndiye amsomeaye hadithi hizo usingizini. Alizikwa kabla hatujamaliza ubishi wa ile penalti. Mfa maji haachi kutapatapa.

— Alikufa na presha, Kaingu, si maji, alisema Winchi.

— Na damu ni nini kama si maji?

Macho ya Sidi yalikuwa njiani, kwa lile buibui jeusi lililokuwa likija polepole.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba. Sidi ni wewe?

— Ni mimi.

Wakili alisimama.

— Bi Kuluthum, mteja wangu ni mama mwenye mtoto mchanga…

— Keti, Yeslam.

Wakili akaketi.

— Binti yangu Basma amenisomea hadithi zako zote nikiwa ndani kwa eda. Nataka kujua, mwanangu, kwa nini wamwandika mume wangu?

Sidi alisema lililokuwepo.

— Viazi vikiungua, bibi, yeye ndiye aliyekuwa akivichagua. Akisema ndivyo avipendavyo, nimpe vyeusi. Nikimwandika namsikia akiviomba. Basi.

— Vilivyoungua? Mussab? Chapati yangu ikipata doa, alikuwa akiigeuzageuza kama aliyepewa noti bandia.

Alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, na mabega yakamtikisika kwa kicheko. Winchi naye akacheka, kisha akaona haya.

— Mie nina swali moja tu, Bi Kuluthum aliendelea. Hadithi zako zote zaishia hapa benchini, watu wabishana. Nyumbani hurudi saa ngapi?

Winchi alimtazama Wakili. Wakili alitazama kikombe chake. Kaingu alilitikisa dele. Halikuwa na kitu.

— Sijamrudisha hata mara moja, Sidi alisema. Niliogopa kuingia kwako bila kukaribishwa.

— Na mie kila Ijumaa nangoja. Nasema, leo atarudi.

Sidi akaipua karai, akafuta mikono, akamwomba Winchi asogee bibi apate pa kuketi.

— Basi nifunze njia, bibi.

— Hupita uani, asikutane na majirani wa kumchelewesha. Na akifika mlangoni, andika abishe hodi. Kwake mwenyewe, miaka yote, alikuwa akibisha hodi na kungoja nimkaribishe.