Bendera Iliyomrudisha Fundi Protus Nyumbani

"Kuhusu: Bendera Moja (1) ya Jeshi la Majini, Isiyowahi Kutumika, Isiyo na Thamani ya Biashara." Hicho ndicho kichwa cha barua iliyofuatana na jeneza lililo mbele yenu, ndugu waombolezaji, na kwa kuwa tangu juzi mnaniuliza bendera hiyo inatafuta nini juu ya fundi cherehani wa Kamukuywa, nitaifikia mahali pake, mnivumilie, sisi wenyewe tumevumilia siku tisini na tisa.

Kaka yangu Protus Simiyu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1978 hapa Kamukuywa, mtoto wa kwanza wa Mama Priscilla, akasoma hapa hapa hadi darasa la nane mwaka 1992, akajifunza ushonaji Webuye, na kuanzia 1996 wengi wenu mlikwenda shule mkiwa mmevaa kazi ya mikono yake, hata wale ambao hamkumaliza. Tarehe 6 Desemba 2003 alifunga ndoa na shemeji yetu Valary, wakajaliwa Ashley, 2005, na Allan, 2009.

Februari 2013 alikwenda Riyadh kupitia wakala wa Nairobi, na kwa kuwa kafili aliyemdhamini alikuwa amebakiwa na viza za mabaharia tu, ikama yake, yaani kibali cha kukaa, iliandikwa "baharia", katika mji ambao ukitaka kuiona bahari unapanda basi siku nzima. Kazi yenyewe ilikuwa kushona bendera katika karakana moja ya mtaa wa Batha, na kila alipoomba ikama irekebishwe aliambiwa yalla, kesho, kesho ikawa miaka minne.

Mwaka 2016 karakana iliagizwa bendera ya jeshi la majini la nchi moja ya mbali isiyopakana na bahari popote, Protus akaishona siku sita, nanga akaitia uzi wa dhahabu, ikarudishwa na barua kwamba nchi isiyo na bahari haiwezi kuwa na wanamaji, kisha ikaja barua ya pili kwamba wanamaji wapo, wako ziwani, ila sherehe imekwisha. Bosi akampa bendera, naye akanitumia sauti akicheka: "Elphas, tumepatana, mimi baharia wa jangwani, yeye bendera ya nchi kavu."

Januari 2017 karakana ilihamia Al-Hindawiyah, Jeddah, akaiona bahari kwa mara ya kwanza, akasema ina joto, akarudi kazini. Mwezi Juni figo zilianza kumsumbua, akamwambia binamu yetu Keziah, anayefanya kazi za nyumbani Al-Nuzha, huko huko Jeddah, "Dada, wasinifukie huku mchangani, nirudishe kwa mama," na tarehe 9 Agosti akafariki hospitalini.

Hapo ofisi moja ikamwambia Keziah kwamba maiti ya baharia haisafiri bila jina la meli. "Bosi, huyu alikuwa anashona, hata kuogelea hajui!" Akajibiwa, "Mafi meli, mafi safari," hakuna meli, hakuna safari, na hivyo hivyo kila alipokwenda, hadi mwezi wa Novemba, alipochoka kueleza, akaitoa ile bendera kwenye mfuko wa plastiki wa vitu vya marehemu, akaitandaza mezani. Afisa akaitazama nanga, akauliza ni ya nchi gani, akaijaza nchi hiyo palipotakiwa meli, akapiga muhuri, akasema halas, yaani basi, imekwisha. Nchi hiyo ina bahari au haina, hakuna aliyeuliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Jeddah, mafundi wenzake waliomlisha alipokuwa hajiwezi, madam wa Keziah kwa kila ruhusa ya saa mbili, na ninyi majirani mliosimamisha turubai hili mara tatu na kulishusha mara mbili.

Pumzika sasa, kaka, kwa amani, umefika kwa mama. Na kwa kuwa kibali cha kuzika nacho kimeandikwa baharia, naomba lisikike kwa wote: Protus Simiyu alikuwa fundi cherehani, alikufa kwa ugonjwa wa figo, na hakuwahi kupanda meli.